Mlima Upande wa Kulia

Mtu aliyewahi kuwa utingo hangoji gari lisimame ndipo ashuke. Gari likipunguza mwendo tu, unaruka, unakimbia nalo kidogo, unatupia gogo nyuma ya tairi, ndipo dereva anazima. Kazi hiyo niliifanya miaka mingi, malori ya mbao, ya mkonge, ya chumvi, na miguu yangu ikaizoea kuliko inavyozoea viatu. Ubaya wa miguu ni kwamba haiambiwi ikaelewa kuwa mwenyewe amezeeka.

Siku hiyo nilikuwa nimepanda bodaboda kutoka mlimani kwetu kwenda Same mjini. Mbele dereva, katikati mimi, nyuma kiroba cha tangawizi cha mdogo wangu Ernesta. Tulipokaribia kibanda cha chai, bodaboda ikapunguza mwendo, nami nikashuka. Yaani niliruka, kama zamani. Dereva alipofika kibandani akageuka kuniuliza kama nakunywa ya maziwa au ya rangi, akakuta amebaki na tangawizi.

Watu wanamsingizia Ernesta kwamba aliuliza kwanza habari za kiroba. Si kweli. Aliuliza kwanza habari zangu. Kiroba kilifuata.

Nilipelekwa Moshi, nikapigwa picha ya kichwa, wakasema damu imevuja ndani, upande wa kulia. Nilipozinduka nikakuta dunia imejengwa vibaya. Sisemi kizunguzungu. Kizunguzungu nakijua, nimekunywa dengelua, ile pombe ya miwa, katika tarafa zote za Pare. Hii ilikuwa dunia iliyotulia kabisa, isipokuwa kuta zote zimelala upande, na wauguzi wanatembea wamepinda kama hawana habari. Wakinikalisha kitandani naenda kushoto puu! Wakininyoosha, napiga kelele, "Mnaniangusha!" na kwa mkono wangu wa kulia, ule mzima, nasukuma kitanda kwa nguvu zangu zote nirudi kushoto, kwenye unyoofu wangu. Muuguzi mmoja wa kiume alishindana nami mpaka akavua saa.

Kwa ufupi, nilirudishwa Same nikiwa hai na nimepinda. Ernesta akaniweka kwa binti yake karibu na soko, na kila asubuhi wakanipeleka kwenye mazoezi ya viungo. Wapita njia wasionijua walitikisa vichwa. "Mzee huyu, saa mbili asubuhi ameshalewa."

Daktari wa mazoezi alikuwa binti mwembamba wa Kisiwani, huko tambarare, aitwaye Mwanahalima, hijabu imebanwa kwa pini, sauti ya taratibu kama ya mwalimu wa chekechea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Fundi aliyejenga chumba hiki yuko wapi?"

"Sijui babu. Kwani vipi?"

"Ukuta umelala. Utawaangukia."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Tutajuaje kama umelala, babu?"

"Kwa timazi. Mimi nimekuwa kibarua wa mafundi Tanga, Korogwe na Mombasa. Leteni timazi."

Nilidhani nimemkomesha. Kesho yake nikamkuta nayo. Aliiazima kwa mafundi wa mtaani: kizito cha chuma na uzi wake mweupe wa kupimia unyoofu. Akaitundika juu ya fremu ya mlango. Ikayumba, ikayumba, ikatulia. Uzi ukashuka sambamba na fremu, na fremu sambamba na ukuta.

Nikautazama muda mrefu.

"Uzi nao umepinda," nikasema.

"Babu. Uzi wenye chuma chini, unapindaje?"

Katika maisha yangu nimebishana na mapolisi, wainjilisti na wake za watu, lakini timazi sijawahi kubishana nayo. Fundi mwenyewe akisema ukuta umenyooka na timazi ikasema umepinda, unabomolewa ukuta. Sasa timazi ilisema ukuta haukupinda, wala mlango, wala Mwanahalima. Nilibaki mimi. Akaleta kioo kirefu, akaning'iniza uzi mbele yake, nikamwona ndani yake mzee mmoja amelalia kushoto kama mgomba wenye mkungu mkubwa usiowekewa nguzo.

"Huyo ni nani?" nikauliza, ingawa shati nililijua.

"Huyo ndiye tutakayemnyoosha," akasema. "Mimi sitakusukuma, babu. Nikikusukuma utanishinda, nimesikia habari za yule muuguzi wa Moshi. Wewe mwenyewe utalipeleka bega la kulia likaguse ukuta. Ukiona unaanguka, ujue ndiyo unanyooka."

Angalia maneno ya kumwambia mzee. Ukiona unaanguka ndiyo unanyooka! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alinisimamisha, ukuta ukiwa kuliani kwangu, hatua moja hivi. Ukuta uleule. Akasema, "Bega liende." Nikilipeleka, mwili mzima unapiga yowe kwamba kule hakuna ukuta, kuna shimo. Jasho lilinitoka kama nabeba simenti.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Lemayian, mfugaji wa kule tambarare, aliyetupwa chini na dume lake la ng'ombe. Yeye alilalia kulia. Siku ya kwanza walitukalisha benchi moja, mimi kuliani kwake, na kabla Mwanahalima hajageuka tulikuwa tumekutana kichwa kwa kichwa katikati kama kenchi za paa, kila mmoja anamshikilia mwenziwe.

"Raha kweli," akasema Lemayian. "Mpare, usiondoke."

"Nikiondoka utaanguka."

"Nawe utaanguka, halafu uishtaki ardhi. Nyie watu wa kesi."

"Na wewe Mmasai mzima, watoto wenu wanasimama kwa mguu mmoja siku nzima wakichunga, wewe miwili inakushinda."

"Huo mguu mmoja nitausimamia tena," akasema, safari hii bila kucheka. "Ng'ombe wakiniona hivi hawatanifuata."

Mwanahalima alitutenganisha kama watoto wanaonakiliana mtihani.

Miezi ikaenda. Nikaanza kutembea sakafuni kwa fimbo, bado nimepinda lakini naenda. Ndipo mbiu ya msaragambo ikapigwa kule mlimani. Asiyejua, msaragambo ni kazi ya wote: ndiva yetu, lile bwawa la kumwagilia, ikijaa tope, baragumu linalia na kila nyumba inatoa mtu. Nyumba isiyotoa mtu inasemwa mpaka vitukuu. Mimi nina nyumba kule. Ni chumba na kibaraza, nilijenga mwenyewe niliporudi kutoka huku na huko, na ukikaa mlangoni unaona tambarare yote ya Same, reli, barabara kuu, na mabasi madogo kama chawa yakienda Dar es Salaam. Nikasema nakwenda. Nisipobeba tope, nitasimama nihesabiwe.

Kutoka kwangu hadi ndiva, njia inakata ubavu wa mlima. Ukienda, mlima uko kushoto, na kulia ni bonde lenye mashamba ya ngazi. Nikashika fimbo, nikaenda. Na jamani, nilikwenda! Kule kwetu hakuna anayetembea wima. Kila mtu anaulalia mlima, mbuzi wanaulalia, hata kuku. Mimi nililalia kushoto, mlima ulikuwa kushoto, tukapatana. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke, dunia ilijengwa sawasawa.

Nilipotokea ndivani watu wakatupa majembe.

"Mlituambia amepooza!" akapaza sauti Salehe, mwenyekiti wa kitongoji, rika langu, aliyenifahamu tangu tunaiba miwa. "Huyu anatembea kuliko mimi!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Ernesta, anayewahi kufungua midomo kuliko wote, alishika kitambaa cha kichwa akalia. Nikapewa makande sahani iliyofurika. Mzee mmoja akasema hospitali za mjini zinanyonga watu bure, hewa ya mlimani ndiyo dawa. Wote wakaafiki. Hakuna aliyewaza, hata mimi sikuwaza, kwamba njia ina kwenda na ina kurudi.

Jioni nikaaga, nikageuka. Mlima ukahamia kulia.

Nililalia kushoto kama kawaida yangu, na kushoto hapakuwa na kitu. Nilishuka ngazi ya kwanza ya tangawizi ya Ernesta nikiwa nimekaa, ya pili nikiwa nimelala, ya tatu sijui, nikasimamishwa na mgomba. Kutoka juu nikasikia sauti ya Ernesta.

"Tangawizi yangu!"

Safari hii tangawizi ilikuja kwanza, siwezi kumtetea.

Walinipandisha kwa kamba ya mbuzi. Sikuvunjika, ila midomo ilijaa udongo, kwa hiyo maneno yote yalikuwa ya Ernesta.

"Basi. Nimechoka, kaka. Kesho kutwa utapasuka kichwa tena huku peke yako, na nitakukuta siku ya tatu. Unakwenda Kifaru kwa Faraja."

Faraja ni mtoto wa marehemu kaka yetu, mtu mwema mno. Kifaru ni tambarare.

"Nitafanya nini Kifaru?" nikatema udongo.

"Utakaa. Ameshanunua kiti cha plastiki chenye mikono. Atakiweka kibarazani, barabara unaiona. Utaangalia mabasi."

Hapo moyo wangu uligeuka. Mtu wa kitandani hana habari na mabasi, lakini mimi nikae kwenye kiti kando ya barabara kuu, niangalie mabasi ya watu yakienda Tanga, Moshi, Nairobi, na jioni niingizwe ndani kama nguo zilizoanikwa! Darasa la kwanza nilisoma Suji, la pili Korogwe, la tatu nililisoma nusu Voi. Hata shule haikuwahi kunikalisha. Nikamwita Salehe nikamwambia nakata rufaa.

Sisi Wapare, mbuzi akila jani la jirani tunafika mahakama kuu. Majembe yalikuwa chini, makande yamekwisha, watu hawakuwa na haraka. Wakasikiliza. Salehe akakohoa, akaamua: msaragambo ujao, Gideoni, yaani mimi, atakwenda kutoka kwake hadi ndivani na kurudi, mwenyewe, bila kushikwa na mtu. Akiweza, anakaa kwake na Ernesta asitie neno. Akianguka, Kifaru, na yeye asitie neno.

"Asitie neno!" Ernesta akacheka kwa hasira. "Huyu?"

Nilipomsimulia Mwanahalima, alicheka mpaka akashika kitanda.

"Kwa hiyo babu, kwenda unaweza. Kurudi ndiyo huwezi."

"Hilo Ernesta analijua tangu ujana wangu."

Akapangusa macho, akawa daktari tena. "Sikia sasa. Huo mlima ukiwa kulia kwako ni nini? Si ndiyo ukuta wangu huu? Bega la kulia liende kwa mlima. Basi. Hakuna jipya."

"Mlima hauna timazi."

"Utaenda nayo mfukoni."

Tukaanza upya. Bega, ukuta. Bega, ukuta. Akanipeleka nje kwenye mtaro, akanitembeza kando ya tuta la mchanga. Nikisimama anachomoa timazi, anainyoosha mbele ya uso wangu, na mimi naufuata uzi kama ng'ombe anayefuata kamba. Lemayian akitazama. Siku moja tukamkuta amesimama katikati ya chumba kwa mguu mmoja, fimbo imeinuliwa hewani, uso umejaa ushindi. Akatuona, akaanguka. Lakini tulikuwa tumemwona.

Mbiu ikalia. Mwanahalima alichukua siku yake ya mapumziko akaja kushuhudia. Alipanda bodaboda kutoka Same akiwa daktari, akafika kwetu akiwa mgonjwa. Alishuka, akatazama bonde, akakumbatia mti wa mgrivea ulio karibu na kibaraza changu, hakuuachia.

"Babu," akasema kwa sauti ndogo, "mnaishije huku? Nchi imesimama!"

"Bega liende kwa mlima, mwanangu," nikamwambia.

Nikaenda. Kwenda hakuna hadithi. Ndivani watu walikuwa wengi kuliko tope, maana habari zilisambaa na hata nyumba zisizotoa mtu zilitoa watatu. Nikanywa maji. Nikageuka kuitazama njia ya kurudi, mlima kulia, ngazi za tangawizi kushoto, na mmea mpya wa Ernesta umepandwa palepale nilipopitia.

Ndipo akili ikanijia. Nikaipa njia mgongo tena, nikaanza kurudi kinyumenyume.

Ukirudi kinyumenyume, mlima unabaki kushoto. Nililalia kwangu kulekule nilikozoea, fimbo inapapasa nyuma, nikapiga hatua kadhaa safi kabisa kabla kelele hazijaanza.

"Hapana! Hapana!" Ernesta alikuwa chini, shambani mwake, ananifuata sambamba. "Huko si kurudi!"

"Si anaelekea kwake?" akauliza mama mmoja.

"Uso unaelekea ndivani! Mtu anarudi kwa uso!"

"Gari likirudi rivasi, halijarudi?" nikajibu bila kusimama.

Salehe akainua mkono, kila kitu kikasimama, nami nikasimama. Kesi ikasikilizwa pale pale njiani, na ninyi mnaojua kesi za Wapare mnajua jua lilivyosogea. Wengine walisema mkataba ulisema kurudi, haukusema namna. Wengine walisema mtu akitumwa kuposa mwali na akarudi kinyumenyume, posa haijakubaliwa. Mzee wa hewa ya mlimani alisema kinyumenyume ni mambo ya wachawi. Mwanahalima aliulizwa kama mtaalamu. Akiwa bado kwenye mgrivea wake, akapaza sauti kutoka mbali:

"Kinyumenyume ni vigumu zaidi! Mimi nisingethubutu kumpa zoezi hilo!"

"Basi amefaulu!" wakasema watu wangu.

"Lakini," akaendelea, na hapo nilimchukia kidogo, "akitoka mlangoni kwake kwenda dukani siku ya mvua, hatatembea kinyumenyume."

Salehe akanitazama muda. Rafiki yangu wa miwa. "Gideoni," akasema, "uligeuza mgongo mara nyingi maishani. Leo geuka."

Hata Ernesta alinyamaza, na hilo lilinitisha kuliko bonde.

Nikageuka.

Kila kitu ndani yangu kikaniambia nimesimama wima, starehe, na kwamba mlima umeinama unataka kuniangukia. Nikatoa timazi mfukoni. Chuma kikacheza, halafu kikatulia. Uzi ukasema nimelala, na nimelalia bonde. Nikachagua kuamini uzi. Nikalipeleka bega kulia, kwenye shimo lisilokuwepo, na mwili ukapiga yowe lake, nikauacha upige. Nyasi za ubavu wa mlima zikanigusa mkono. Baridi, zenye unyevu. Sikuwahi kufurahia nyasi namna ile.

Hatua. Uzi. Bega. Hatua.

"Polepole, mjinga wewe," sauti ikatoka chini kushoto. Ernesta alikuwa anatembea kwenye ngazi ya tangawizi, hatua kwa hatua na mimi, mikono yote miwili ameinyoosha juu kunidaka, macho kwangu. Alikuwa anakanyaga miche yake mwenyewe bila kuangalia. "Usiangalie chini. Usiniangalie mimi. Bega, si amekwambia bega?"

"Umekuja kunidaka au kunishika nishindwe?"

"Tembea!"

Tulipofika kona ya kibaraza changu, Mwanahalima akaachia mti kwa mkono mmoja ili apunge. Nikaweka mguu kizingitini, fimbo nikaiegemeza ukutani. Nikashika nguzo ya mlango wangu mwenyewe. Vigelegele vikalia kutoka ndivani. Na chini kushoto nikasikia puu!, nikageuka, Ernesta hayupo.

Alikuwa amekaa kwenye tope la mtaro, kitambaa kimemfunika jicho moja, miche mitatu ya tangawizi imekwama kwenye gauni. Hakuangalia anapokanyaga tangu ndivani.

Nikaachia nguzo, nikainama, nikampa mkono.

"Usiniguse," akasema. "Utaniangusha."

"Umeshaanguka."

Akautazama mkono wangu, akanitazama mimi niliyesimama juu yake bila nguzo wala fimbo. Midomo yake ikacheza, sikujua kama ni kilio au tusi. Akaushika. Nikavuta, bega langu likaenda kulia lenyewe, kwenye mlima, sikuliambia kitu.

Salehe alipofika na kundi lake kutangaza hukumu, alitukuta kibarazani tunabandua tope nguoni. Ernesta akamwahi.

"Anabaki. Lakini tangawizi ya ngazi yote hii atanipandia yeye. Akiwa amesimama."

"Si tulisema usitie neno?" nikauliza.

Siku hizi nashuka Same kila wiki kwa Mwanahalima, na bodaboda nangoja isimame, izime, na dereva ashuke kwanza. Lemayian ameshapona, ila hupita kunisalimu chumba cha mazoezi, husimama kwa mguu mmoja mlangoni makusudi. Timazi ilirudishwa kwa mafundi, nikaomba nyingine. Naitundika kwenye paa la kibaraza, mahali ninapoiona nikikaa. Kile kiti cha plastiki Faraja alinitumia kwa basi, kwa wema wake. Kimekaa barazani hapo, nyuma ya uzi, na Ernesta akija ndiye hukikalia.